Chembechembe zilizokuja na umeme: kisa cha seli za ngozi katika maabara moja ya Moshi

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza kuotesha seli, na zaidi kwa wasimamizi wao. Majina nimeyaondoa, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kazi yenyewe.

Usuli

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa fundi seremala wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa vijiji vya juu mlimani. Alianza kwa kuangusha nyundo. Nyumbani walidhani ni uchovu, baadaye wakadhani ni mgongo, na kwa miezi kadhaa alikandwa, akanunuliwa dawa za maumivu, akaombewa. Alipofika kwa daktari wa neva, mkono wa kulia ulikuwa umekonda, misuli ya bega ikichezacheza yenyewe chini ya ngozi, na ulimi umeanza kuwa mzito. Jibu lilikuwa ALS, ugonjwa unaoua neva za mwendo, zile zinazobeba amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Wengi wameufahamu kupitia Stephen Hawking, ila yeye aliishi nao zaidi ya miaka hamsini. Kwa wagonjwa walio wengi ni miaka miwili hadi mitano tangu dalili ya kwanza.

Kaka yake alikuwa ameshafariki kwa kile walichokiita kupooza kidogo kidogo. Hilo ndilo lililotufanya tumwombe kipande cha ngozi. Katika wagonjwa kumi wa ALS, mmoja hivi huwa na ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo, na baadhi ya jeni zinazohusika zinajulikana: SOD1 tangu 1993, FUS tangu 2009, C9orf72 tangu 2011. Neva za mtu aliye hai huwezi kuzikata ukazichunguze, lakini seli za ngozi zina jeni zilezile na zinaota vizuri kwenye chupa. Mgonjwa wa pili alikuwa mama wa wilaya nyingine. Seli za kulinganishia tulizipata kwa mke wa fundi na kwa mfanyakazi mwenzetu wa umri unaokaribiana na wao.

Watu huniuliza kwa nini kazi ya namna hii ifanyike Moshi wakati kuna malaria na kisukari. Huwa nawataja wazee wa wilaya ya Hai. Utafiti uliochapishwa 2008 ulipita nyumba kwa nyumba katika sehemu ya wilaya hiyo yenye watu wapatao 161,000, ukakuta 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Magonjwa ya kufa kwa neva yapo hapa. Yamekaa kimya tu.

Tulichokuwa tunakitafuta

Seli ikipigwa na joto kali, sumu au njaa, jambo la kwanza inalofanya ni kusimamisha utengenezaji wa protini mpya. Ujumbe wa jeni uliokuwa njiani kwenda kusomwa hukusanywa pamoja na protini zinazoushika, na ndani ya dakika chache vinaonekana vidoa ndani ya seli. Tunaviita chembechembe za msongo. Kijijini kukiwa na msiba jembe hulazwa. Kazi ya shamba haijafutwa, imesubirishwa. Seli nayo hufanya hivyo. Mwaka 1999 Nancy Kedersha, Paul Anderson na wenzao kule Boston walionyesha jinsi mlolongo huu unavyoanza: protini iitwayo eIF2 alfa hubandikwa fosfeti, na kazi ya kuanzisha protini mpya hukwama. Msongo ukiisha, vidoa huyeyuka, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili.

Naomba msomaji aiweke akilini hiyo saa moja au mbili, maana kisa chote kimeegemea hapo.

Uhusiano na ALS unatoka kwenye protini nyingine, TDP-43. Mwaka 2006 ilitambuliwa kuwa ndiyo inayoganda ndani ya neva za karibu wagonjwa wote wa ALS. Protini hiyo, seli ikiwa kwenye msongo, huweza kuingia katika chembechembe hizi. Ndipo ikazuka hoja kwamba chembechembe zisizoyeyuka kwa wakati huenda ndizo mbegu za mgando unaoua neva. Hoja hiyo bado inabishaniwa hadi leo, na sisi tulitaka kuchangia punje moja: je, seli za wagonjwa wetu huunda chembechembe upesi zaidi, au hukawia kuziyeyusha?

Mfululizo wa mambo

Inkubeta yetu, yaani kabati la joto la kuoteshea seli, ilikuwa moja. Tuliamua seli za wagonjwa zikae rafu ya juu, za wenye afya rafu ya chini. Sababu ilikuwa nzuri, na ningeitetea mbele ya kamati yoyote. Fani hii ina historia chungu ya seli zilizochanganyika. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kuwa aina nyingi za seli zilizodhaniwa kutoka kwa watu tofauti zote zilikuwa HeLa, seli za saratani za mwanamke mmoja wa Marekani zilizosambaa katika maabara nyingi. Kutenganisha rafu ni kinga rahisi dhidi ya mkono uliochoka.

Kipindi hicho umeme ulikuwa ukikatika asubuhi mara kwa mara. Jenereta lilikuwepo, lakini waya wa dharura ulipeleka umeme kwenye mafriza peke yake, kwa sababu sampuli za miaka mingi zikiyeyuka hazirudi. Vyumba vingine viliwashiwa kama umeme ungechelewa zaidi ya saa moja. Hilo nalo lilikuwa uamuzi wa busara, dizeli ikizingatiwa.

Jaribio la kwanza lilinifurahisha kuliko jambo lolote la miaka kadhaa. Mwanafunzi wetu wa uzamili alizikazisha seli kwa dawa ili zibaki kama zilivyo, akazipaka kingamwili inayong'arisha G3BP1, protini inayokusanyika ndani ya chembechembe za msongo, akaniita kwenye hadubini. Seli za wenye afya zilikuwa na mng'ao uliosambaa sawasawa, laini. Za wagonjwa, karibu theluthi yake, zilikuwa na vidoa vya kijani vimezunguka kiini kama ulezi uliomwagika. Na hatukuwa tumezipa sumu yoyote. Zilikuwa zimepumzika tu.

Tulirudia wiki iliyofuata, tukapata hivyohivyo. Mara ya tatu hapakuwa na kitu, si kwa wagonjwa wala kwa wazima. Mwanafunzi alisema labda kingamwili imeharibika kwenye jokofu, na mimi nikakubali. Tukafungua chupa mpya ya kingamwili, tukarudia, vidoa vikarudi. Basi tukaona tumethibitisha kwamba chupa ndiyo iliyokuwa na kosa.

Nimeirudia aya hiyo kichwani mara nyingi. Jaribio lililotupendeza hatukulihoji. Lililotukatalia tulilitafutia mshitakiwa siku hiyohiyo.

Baada ya majaribio saba, matano yakiwa na vidoa, tuliandika ikisiri ya mkutano na kuituma. Siku chache baadaye mwanafunzi, kwa moyo mwema kabisa, alimpigia simu binti wa fundi kumjulia hali mzee, na katika mazungumzo akasema: "Tumeona tofauti kwenye seli za baba."

Daftari la walinzi

Aliyesimamisha gari alikuwa fundi sanifu wa maabara, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nitamwita Mama N. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujaza maji kwenye sinia la ndani ya inkubeta ili hewa isikauke. Alikuja ofisini akabaki amesimama.

"Daktari, ile mashine siku hizi haivumi."

Nikamwambia kioo chake kinasoma 37.

"Kinasoma, ndiyo. Lakini umande uko chini tu mlangoni, juu pakavu. Zamani haikuwa hivyo. Na hizo siku mnazoona vidoa, umeme ulikuwa umekatika asubuhi?"

Sikuwa na jibu, ila jibu lilikuwepo getini. Walinzi wetu huandika kwenye daftari la jenereta tarehe, saa ya kuwaka, saa ya kuzima na kiasi cha dizeli, kwa sababu mhasibu huwadai. Picha za hadubini nazo zina saa yake, na mwanafunzi alikuwa akiandika kwa uaminifu muda aliozikazisha seli. Tukaketi watatu, tukalaza daftari kando ya kompyuta. Majaribio yote matano yenye vidoa yalikuwa yamefanyika ndani ya saa mbili tangu umeme uliporudi. Yale mawili yasiyo na kitu yaliangukia siku ambazo umeme haukukatika kabisa.

Jumamosi tulijaribu wenyewe. Tuliweka kisahani chenye maji na kipimajoto cha kioo kwenye kila rafu. Ndani ya maji, si hewani, maana seli huishi majini na hewa hudanganya. Tukachomoa mashine ukutani kwa saa moja na robo, tukaichomeka. Kioo cha mashine kilipopanda hadi 36, kipimajoto cha rafu ya chini kilikubaliana nacho. Cha juu kilikuwa kimepita 42, na kilikaa juu ya 41 kwa dakika arobaini hivi.

Tulipofungua nyuma, feni ya ndani ilikuwa imekwama kwa kutu. Katika siku tulivu haikuleta madhara makubwa, kwani mashine ilikuwa ikitunza joto kwa nguvu kidogo. Lakini umeme ukirudi baada ya kukatika, hita ilifanya kazi kwa nguvu zote, hewa moto ikapanda na kukaa juu, huku kihisio kikiwa chini kwenye ubaridi kikiendelea kuagiza joto zaidi. Nyuzi 42 ndilo joto ambalo maabara nyingi hutumia kwa makusudi kuzitia seli msongo.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kugeuza rafu: seli za wenye afya juu, za wagonjwa chini, mashine tukaizima tena na kuiwasha. Vidoa vilitokea kwenye seli za mke wa fundi na za mfanyakazi mwenzetu. Za wagonjwa zilikuwa shwari. Mwanafunzi alitoka nje, na nilimwacha akae peke yake kwa muda.

Kuna jambo ambalo lilinipa faraja wakati ule na linastahili kusimuliwa. Elimu ya namna seli inavyolikabili joto ilianza na inkubeta iliyopata joto kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za inzi wa matunda nchini Italia. Mtu mwingine maabarani alipandisha joto la inkubeta, na Ritossa akaona kromosomu zimevimba mahali pasipo pa kawaida. Akalifuatilia joto hilo. Alichapisha mwaka 1962, na kutoka hapo zikaja kujulikana protini za kukabili joto, kama Hsp70, ambazo leo zinachunguzwa katika Alzheimer, Parkinson na ALS. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye aliliuliza joto mapema.

Maamuzi yaliyofuata

Ikisiri tuliiondoa kabla haijachapwa. Mwenzetu mmoja alipendekeza tubakize siku zisizo na mkatiko wa umeme na kuendelea na hizo. Nilikataa: zilikuwa mbili tu, na kuchagua data baada ya kujua jibu lake ni kujipikia matokeo. Majaribio yote saba tuliyaweka kando, tukamwandikia mfadhili barua yenye maelezo yote pamoja na picha ya feni. Alituongezea muda, bila fedha. Mwanafunzi alichelewa kuhitimu kwa muhula mmoja.

Seli zenyewe hazikupotea, kwa kuwa Mama N. alikuwa amegandisha vichupa vya vizazi vya mwanzo kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, tangu wiki ya kwanza. Hilo lilituokoa pia na kosa jingine tuliloligundua baadaye: seli za wagonjwa tulizokuwa tukitumia zilikuwa zimegawanyika mara nyingi zaidi kuliko za wenye afya. Seli za ngozi huzeeka kwenye chupa, jambo lililoonyeshwa na Leonard Hayflick tangu 1961, na seli iliyozeeka haiukabili msongo kama changa. Hata bila ya feni, ulinganisho wetu ulikuwa na kasoro.

Katika mzunguko wa pili tuliweka seli zote rafu moja, visahani vikibadilishana nafasi. Mama N. aliandika namba juu ya visahani na kuifungia orodha ya majina kabatini, hivyo aliyehesabu vidoa hakujua anahesabu vya nani. Kipimajoto cha kioo kikawa mkazi wa kudumu. Umeme ukikatika, tulisubiri saa ishirini na nne kabla ya kugusa kitu. Kila jaribio lilikuwa na kisahani kilichopewa sodiamu arsenaiti, sumu inayozitia seli msongo, kwa nusu saa, ili tukikosa vidoa tujue kwamba kingamwili ni nzima.

Matokeo

Seli zilizopumzika hazikuwa na chembechembe, za wagonjwa wala za wazima. Kwa arsenaiti zote ziliunda chembechembe. Katika kuyeyuka, seli za fundi zilionekana kukawia katika baadhi ya majaribio, katika mengine hapana. Kwa watu wawili huwezi kusema neno juu ya hilo, nasi hatukusema. Tasnifu ya mwanafunzi iligeuka kuwa juu ya namna ya kupima chembechembe za msongo mahali ambapo umeme hautabiriki, na ilisimama imara mbele ya watahini.

Uchambuzi

Mtafiti wa bakteria ambaye inkubeta yake imepanda hadi 42 ataona bakteria wake wanaota ovyo na atashtuka. Sisi tunaopima msongo tuna hatari yetu peke yetu: hitilafu ya mashine inatokea mbele yetu ikiwa na sura ileile ya ugunduzi tunaoutamani. Joto, baridi, midia (majimaji ya kulishia seli) iliyokauka, kisahani kilichokaa mezani wakati mtu anapokea simu, vyote seli huvijibu kwa lugha moja. Kwa hiyo katika fani hii kipimajoto cha shilingi elfu chache kina uzito sawa na hadubini ya mamilioni. Nasema hivi kwa sababu tulikuwa na hadubini, na kipimajoto hatukuwa nacho.

Hakuna uamuzi hata mmoja uliokuwa wa kizembe. Rafu zilitenganishwa kwa sababu nzuri, mafriza yalipewa umeme kwanza kwa sababu nzuri. Viwili hivyo vilikutana na feni iliyokufa, na kwa bahati mbaya mpangilio wa rafu ukawa ndio mpangilio wa swali letu. Popote ambapo kundi la wagonjwa lina mahali pake na kundi la wazima lina pake, mahali penyewe panaweza kujibu kwa niaba ya ugonjwa.

Dalili iliyopaswa kutusimamisha ilikuwepo tangu jaribio la tatu. Chembechembe huyeyuka ndani ya saa moja au mbili. Kama zingekuwa za ugonjwa, zingeonekana asubuhi na jioni, siku ya umeme na siku ya giza. Nilikuwa nikiifundisha saa hiyo moja au mbili darasani, na sikuitumia kwenye data yangu.

Kilichotuokoa kiliandikwa na watu ambao hawakuwa wakitafuta chembechembe: walinzi kwa ajili ya mhasibu, mwanafunzi kwa nidhamu yake, Mama N. kwa sikio lake. Aliniambia baadaye kwamba alilisikia lile kimya la feni wiki tatu kabla ya kunijia, na alisita kwa kuwa aliona tumefurahi sana. Hizo wiki tatu ni zangu. Tangu hapo kikao cha Jumatatu huanza na yeye kueleza hali ya mashine, kabla ya mtu yeyote kuonyesha picha.

Nyumbani kwa fundi

Simu ile ya mwanafunzi ndiyo iliyoniuma zaidi. Binti alilielewa neno "tofauti" kuwa chanzo kimepatikana, na mkewe fundi akaelewa kuwa dawa iko njiani. Tulipopanda mlimani, mimi na daktari wake, mzee alikuwa hawezi tena kusema. Alitusikiliza kwa macho. Baada ya shikamoo na chai, nilieleza habari ya feni na joto kwa maneno ya kawaida, nikasema tofauti tuliyoitangaza haikuwepo, na kwamba kosa ni letu.

Mke wa fundi alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo na zangu zilifanya vidoa?"

"Ndiyo mama, tulipoziweka rafu ya juu."

"Na ngozi ya mzee mliichukua bure?"

Nilimwambia seli zake ziko hai, zimegandishwa, na fomu aliyoweka dole gumba inamruhusu kuzirudisha au kuziondoa siku yoyote. Akamgeukia mumewe, akamuuliza kwa Kichagga. Mzee alifumba macho mara moja, ishara yao ya ndiyo.

"Anasema zikae," mama akatutafsiria. "Ila binti yetu msimwambie kitu kwenye simu tena. Mkiwa na neno, pandeni huku."

Mzee alifariki miezi minne baadaye. Tulienda msibani tukiwa watatu, na Mama N. alikuwa mmoja wetu.